Mwenye Mbwa na Jirani Yake

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida husema juu ya ndoa, malezi, kazi na mambo ya taifa, leo ukisema habari za mbwa. Watauliza: Je, mambo makubwa yamekwisha, hata Mhariri ashuke mpaka bandani? Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulikuwa na mawazo hayohayo mpaka asubuhi moja ya mwaka jana, mama mmoja jirani yetu alipokuja kubisha hodi ofisini.

Mama huyu hukaanga vitumbua. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, hujitwisha ndoo yake na kwenda stendi, ili wasafiri wa mabasi ya kwanza wapate kifungua kinywa. Kwa kazi hiyo huwasomesha watoto wake. Njia yake ya karibu hupita mbele ya lango letu, na langoni petu palikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Usiku mlinzi alimfungua mbwa ili alinde nyumba. Alfajiri alifungua lango ili watu waingie Misa, na mbwa akatoka nje kujinyoosha miguu. Hayo yote tuliyajua, wala hatukuona neno.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba," akasema yule mama.

"Milele amina, Mama. Karibu uketi."

Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Akatuulizia habari za kazi, za wageni, za mvua, kisha akanyamaza. Mwishowe akasema: "Baba, naomba unisamehe kwa neno nitakalosema. Ni juu ya mbwa wenu." Ndipo tulipopata kujua ya kwamba miezi sita nyuma mbwa wetu alimrukia gizani, akamrarua kanga, na ndoo nzima ya vitumbua ikamwagika mchangani. Tangu siku ile huzunguka njia ya mtoni, mwendo wa nusu saa zaidi, na fimbo mkononi. Tukamwuliza: "Mama, mbona hukutuambia siku ileile?" Akatazama chini, akajibu: "Ningeanzaje, Baba, kuwashtaki mapadre?"

Alipokwisha kwenda tulitafuta cheti cha chanjo cha mbwa wetu. Muda wake ulikuwa umepita zaidi ya mwaka mzima.

Twaeleza jambo hili kwanza ili msomaji asidhani ya kuwa twamnyoshea kidole tukiwa tumesimama mahali pa juu. Pili, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo si dogo hata kidogo: mtu aliye na mnyama awadai nini jirani zake, nao wamdai nini yeye? Na sheria ya mji ikimwamuru kumfunga mbwa wake, je, yamfunga yeye rohoni, au yamtisha tu kwa faini?

Tuanze na neno dogo "changu". Kiti ni changu: nikikiweka barazani jioni, asubuhi nitakikuta palepale. Jembe ni langu: halitoki ghalani lenyewe kwenda kumkata jirani. Lakini mbwa ana miguu yake, ana njaa yake, ana hasira na hofu yake. Huenda asikotumwa, na huuma asipoambiwa. Pamoja na hayo hana akili ya kupambanua jema na baya. Hawezi kutoa ahadi wala kuomba radhi. Mbwa aliyemrarua yule mama kanga yake hakutenda dhambi. Alitenda kadiri ya maumbile yake na kadiri alivyolelewa.

Basi, mtu anapoleta mtoto wa mbwa nyumbani, anajipatia kitu cha namna ya pekee, kitu chenye nia lakini kisicho na dhamiri. Dhamiri hiyo inayokosekana haina budi kutoka kwa mwenyewe. Ahadi asiyoweza kuitoa mbwa, mwenyewe ndiye anayeitoa kwa niaba yake mbele ya mtaa mzima: "Huyu hatawadhuru, nikishindwa, niulizeni mimi." Mtu asiyekuwa tayari kutoa ahadi hiyo hafugi mbwa, ameongeza mnyama mwingine barabarani tu.

Fikira hii si mpya, wala haikutoka Ulaya pamoja na wakoloni. Katika miaka ya 1940 wataalamu walifukua karibu na Baghdad, nchini Iraki, vibao vya udongo vyenye sheria za mji wa kale ulioitwa Eshnunna. Sheria hizo zina umri wa karibu miaka 3,800. Ndani yake mna sheria ya mbwa. Yaeleza ya kwamba kama mbwa ni mkali, na wakuu wa mtaa wamemwarifu mwenyewe, naye asimzuie, kisha mbwa akamwuma mtu na mtu akafa, mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, malipo yalikuwa shekeli 15 tu. Na hapo twaona jinsi haki ya watu wa kale ilivyokuwa na kovu lake. Lakini tutazame kiini cha sheria yenyewe. Mna mbwa, mna mwenyewe, mna jirani, na mna wakuu wa mtaa. Na katikati ya yote mna tendo moja ambalo juu yake hukumu yote husimama: mwenyewe ameambiwa.

Torati ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yafuata njia hiyohiyo juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hahesabiwi hatia ya damu. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe akaonywa, wala hakumzuia, basi hatia ni yake mwenyewe, tena hatia nzito sana. Sura hiyohiyo yamtaja mtu aliyechimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenziwe akatumbukia: huyo atalipa. Hakumsukuma mnyama, aliacha kufunika tu. Nasi hatukumtuma mbwa kumrukia mama wa vitumbua. Tuliacha lango wazi tu.

Sheria za siku hizi zasema yaleyale kwa maneno mengine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ya Kenya vilevile, huhesabu kuwa ni kosa mtu kutojihadhari, kwa uzembe, na hatari iwezayo kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake. Chini yake zipo sheria ndogo za halmashauri za miji na wilaya. Maneno yake hutofautiana mahali na mahali, lakini kwa jumla hutaka mambo ambayo mtu yeyote mwenye akili angejiamuru mwenyewe: mbwa achanjwe, ajulikane ni wa nani, wala asiachwe kuzurura.

Hapo ndipo watu wengi hucheka. "Sheria ya mbwa!" husema. "Nani amewahi kufungwa kwa sababu ya mbwa? Bwana mifugo akija, tutamfunga mbwa siku hiyo. Akiisha kwenda, tutamfungua." Na wasemao hivyo si wahuni. Ni wazee wa familia, walimu, wafanyabiashara, watu wasioiba hata senti moja. Kwao kosa hili halimo katika hesabu ya makosa.

Katika karne zilizopita walikuwapo waalimu wa maadili waliofundisha ya kwamba zipo sheria za serikali zisizomfunga mtu katika dhamiri. Zamtaka tu, akikamatwa, alipe adhabu bila kunung'unika. Waliziita sheria za adhabu tu. Hatupendi kuufufua hapa ubishi huo wa wasomi. Twapenda kumkumbusha msomaji fundisho la zamani zaidi, la Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274. Yeye alifundisha ya kwamba sheria ya kweli yatambulikana kwa mambo manne: imetoka katika akili na siyo katika ukaidi wa mtu, yalenga manufaa ya wote, imewekwa na yule mwenye kuitunza jumuiya, na imetangazwa. Sheria yenye sifa hizo ni ya haki, na sheria ya haki yamfunga mtu hata pale ambapo hakuna askari.

Tuipime basi sheria ndogo ya mbwa kwa kipimo hicho. Kwamba imewekwa na wenye mamlaka na kutangazwa, hakuna mwenye shaka. Je, ina akili ndani yake, na ni kwa manufaa ya wote? Ili kujibu, yatupasa kusema juu ya ugonjwa ambao watu wengi huutaja kwa mzaha, yaani kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa akiuma, au hata akilamba jeraha, kirusi huingia mwilini, kikasafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, yaweza kuwa mwaka. Wakati huo wote mtu hajisikii neno. Anakula, anacheza, anakwenda shule. Lakini dalili zikiisha kuonekana, yaani homa, kufadhaika, kuogopa maji hata asiweze kumeza, basi karibu kila mgonjwa hufa, na hospitali haina la kufanya ila kumpunguzia mateso. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, walio wengi sana katika Asia na Afrika. Katika kila wagonjwa 100, 99 waliambukizwa na mbwa. Na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio wanaotumwa dukani magharibi. Ndio wanaokwenda shule kabla ya mapambazuko.

Linalotuumiza zaidi ni kwamba kifo hiki chazuilika. Tarehe 6 Julai mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimpa chanjo mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akapona, akawa mtu mzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu siku hiyo kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wataalamu wamegundua ya kwamba, wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea, ukafa wenyewe. Jambo hili limeonekana kwetu. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa bidii, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje. Watu hawakukata tamaa, walichanja tena, na mwaka 2018 ukakomeshwa kwa mara ya pili.

Msomaji aone hesabu hiyo isemavyo. Haisemi ya kuwa serikali peke yake yaweza. Wala haisemi ya kuwa mtu mmoja mwema atosha. Yasema ya kwamba wenye mbwa 70 katika kila 100, kila mmoja akimfunga wake kamba na kumpeleka kuchanjwa, wamewaokoa hata watoto wa wale 30 waliokataa. Hayo ndiyo manufaa ya wote. Na anayebaki nyumbani siku ya chanjo kwa uvivu tu ameutegemea wema wa jirani zake na kuwarudishia hatari. Basi sheria hii ina akili, tena ni ya haki. Na mtu aidharauye kwa makusudi asijidanganye kwamba amevunja karatasi ya halmashauri tu. Ameuweka uhai wa mtoto wa mwenziwe katika bahati nasibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Na vidonda vya mtoto wa jirani, naam, hutuonekea vyepesi.

Hapa twapenda kuongeza neno moja la manufaa kwa kila nyumba, hata isiyo na mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja. Asipakwe pilipili wala majivu, wala asingojee kuona kama mbwa atakufa. Na akianzishiwa sindano, azimalize zote, hata jeraha likiwa limekauka.

Sasa turudi kwa yule mama na miezi yake sita ya kunyamaza. Tulipomwuliza sababu, alitaja heshima. Wengine hutaja woga: mwenye mbwa ni tajiri, au ni mtumishi wa serikali, au ndiye mwenye nyumba wanayopanga. Wengine hutaja ujirani wenyewe: "Tutachukiana bure kwa ajili ya mbwa." Nia yao ni njema. Lakini twaona ya kwamba wanakosea, tena kosa lao lamdhuru hata yule wanayemstahi. Tukumbuke sheria ya Eshnunna na ya Musa. Hukumu yote husimama juu ya kuonywa. Jirani anaponyamaza, humnyima mwenye mbwa nafasi ya kuwa mtu mwema. Humwacha aendelee kulala usingizi mzuri juu ya hatari, mpaka siku atakapoamshwa na kilio.

Tena kimya hicho aghalabu si amani. Ni hasira iliyofichwa. Wapo wanaonyamaza mwaka mzima, wakisalimiana na mwenye mbwa kila siku kwa tabasamu, kisha usiku mmoja hutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta wake. Wamemwua kiumbe asiye na hatia, wameacha sumu mahali ambapo mtoto aweza kuiokota, na mwenye mbwa hakujifunza lolote ila kuwachukia majirani wote kwa kuwa hamjui aliye adui. Neno moja mlangoni lingetosha.

Na njia ya kusema ipo, nayo imo katika Injili, pale Bwana wetu anapotufundisha juu ya ndugu aliyekosa. Kwanza uende kwake wewe peke yako, kwa upole, pasipo mashahidi. Asiposikia, chukua mwenzako mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo jambo lipelekwe mbele ya jumuiya. Na kwa habari ya mbwa jumuiya hiyo ni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mtendaji, na afisa mifugo. Anayeanzia kwa mtendaji kabla ya kubisha hodi kwa jirani yake ametafuta ushindi kuliko amani. Lakini anayeishia mlangoni, ilhali mbwa bado anauma watoto, naye amekimbia wajibu wake. Kushtaki kwa haki si uchongezi. Mchongezi hutaka mwenziwe aumie. Mshtaki wa haki hutaka mtoto asiumie.

Nao wenye mamlaka wana hesabu yao ya kutoa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria ndogo iliyofungiwa kabatini mwa halmashauri, ambayo mwenyekiti wa mtaa hajawahi kuisoma mkutanoni, haijatangazwa kwa kweli. Tena wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwetu msumeno huo mara nyingi hukata upande mmoja. Mbwa koko wa mzee maskini hupigwa risasi mbele ya wajukuu wake. Mbwa wa kigeni wa nyumba ya ghorofa, aliyekwisha kuuma watu watatu, hupewa salamu langoni. Sheria itumiwayo hivyo haifundishi watu kutii. Yawafundisha kujenga kuta ndefu zaidi.

Na kuna desturi nyingine ambayo yatupasa kuitaja kwa huzuni, nayo ni ile ya kungoja mpaka mambo yaharibike, kisha kutangaza vita juu ya mbwa wote, kwa bunduki na sumu. Wataalamu wa afya wamekwisha kueleza ya kwamba kuua ovyo hakukomeshi kichaa cha mbwa. Watu huwaficha mbwa wao. Waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa. Na nafasi zao huchukuliwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Hasara ya fedha ni kubwa, na faida ni ndogo. Lakini hata ingekuwapo faida, tungeuliza: aliyekosa ni nani? Mwenyewe hakuchanja, hakufunga, hakuhasi mbwa wake, akawatupa watoto wa mbwa jalalani ndani ya kiroba. Kisha anayeuawa ni mbwa, na mwenyewe husimama barabarani kutazama. Hiyo ni kumtoza deni asiyekopa.

Maana mbwa naye ana haki yake kwetu. Hatusemi ya kwamba ni sawa na mtu. Kanisa lafundisha wazi ya kuwa si vema kumwagia mnyama fedha na mapenzi yapasayo watu, tena lafundisha vilevile ya kuwa kumtesa mnyama pasipo sababu kwapingana na heshima ya binadamu mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yamtaka mwenye mnyama amtunze wala asimtese. Twataja hayo kwa sababu wako watu wakisikia "funga mbwa", humfunga kwa mnyororo mfupi juani tangu asubuhi mpaka usiku, pasipo maji, mwaka baada ya mwaka. Mbwa huyo hawi salama, anakuwa chui. Siku mnyororo utakapokatika, jirani atalipa deni la ukatili wa mwenyewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa vilevile. Banda lenye kivuli, chakula, maji, chanjo kila mwaka, lango lifungwalo: hayo ni ya mbwa, na hayohayo ni ya jirani. Hapa haki ya mnyama na usalama wa mtu hazigombani hata kidogo.

Mwingine atasema: "Mimi ni maskini, siwezi gharama hizo." Twamjibu kwa heshima, kwa kuwa twajua maisha yalivyo. Mara nyingi chanjo hutolewa bure au kwa bei ndogo siku za kampeni. Aulize kwa afisa mifugo, asingoje kufuatwa. Lango la miti na miiba hulinda sawasawa na la chuma. Na asiyeweza kuwatunza mbwa watano hajalazimishwa na mtu kuwa na watano. Amtunze mmoja vema. Umaskini waweza kuwa sababu ya kutofuga. Hauwezi kuwa sababu ya kufuga vibaya kwa gharama ya mwili wa mtu mwingine.

Yabaki kusema tulifanya nini sisi. Mbwa wetu alichanjwa juma lilelile. Sasa hufungwa kabla lango halijafunguliwa, na mlinzi ameagizwa hivyo mbele yetu sote. Kibao cha bati tulikiacha, lakini tumeacha kukitegemea. Maana kibao humwonya mpita njia, na aliyestahili kuonywa tulikuwa sisi. Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba radhi na kulipa tulichodaiwa. Fedha ya kanga aliikataa. "Ilikuwa kuukuu, Baba," akasema. Ya vitumbua aliipokea, akaihesabu, akaifunga katika pindo, kwa kuwa ile ndoo ilikuwa mtaji wa watu.

Siku hizi hupita tena njia yake ya zamani mbele ya lango letu. Fimbo bado anayo mkononi. Hatumlaumu. Imani ya jirani hupotea asubuhi moja, na kurudi kwake huchukua miezi.

Basi, wasomaji wetu, usiku huu kabla ya kuzima taa, kila mwenye mbwa ajiulize mambo matatu: Yuko wapi sasa? Alichanjwa lini? Na kuna jirani gani azungukaye njia kwa ajili yangu, asiyethubutu kuniambia? Akiona hana jibu la swali la tatu, asingoje kubishiwa hodi. Kesho asubuhi aende yeye mwenyewe akaulize.